Eksirei ya jino: nani anayepunguza mionzi?

Kutoka Nungwi, kaskazini ya Unguja, hadi Mjini ni kilomita 60 hivi kwa daladala namba 116, na jino linalouma hurefusha njia hiyo. Mtu akishafika kwa daktari akaambiwa apigwe eksirei, maswali mawili humjia kwa pamoja. Mionzi hii haitanidhuru? Na nikiikataa, jino langu si litatibiwa kwa kubahatisha? La kwanza hulitoa mdomoni, la pili hubaki nalo moyoni, na kwa kawaida hujibiwa kwa maneno matatu: "Ni kidogo tu." Jibu hilo halinitoshi. Kidogo kiasi gani, kwa mashine ipi, mikononi mwa nani?

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti nne. Mama ni mkaazi wa Nungwi, na mwanawe wa miaka minane amevimba shavu kwa gego la utoto lililooza. Daktari ni daktari wa meno. Mpigapicha ndiye anayeendesha mashine ya eksirei. Maalim anasomesha fizikia skuli ya sekondari. Watu hawa nimewatunga, ila takwimu na historia wanazozitaja ni za kweli. Pale nitakapoona siwezi kunyamaza, nami nitaingia.

MAMA: Daktari, mimi sikatai matibabu. Ila nimeona kila mkitaka kupiga picha mnatoka chumbani, mtoto mnamuacha peke yake. Kitu kama hakina madhara, nyinyi mnakikimbia kwa nini?

DAKTARI: Una haki ya kuuliza, mama. Mwanao leo atapigwa picha moja, pengine mbili, na huenda mwaka ukapita asipigwe nyingine. Huyu mwenzangu yumo mle kila siku ya kazi, anamaliza mgonjwa huyu anaingia yule. Akisimama karibu kila mara, hicho kidogo kitajumlika, na yeye hapati tiba yoyote kutokana nacho. Ndiyo maana anarudi nyuma ya ukuta. Mfanyakazi wa mionzi amewekewa kikomo cha wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka; milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Mtu wa kawaida, asiye mgonjwa wala mfanyakazi, kikomo chake ni milisiveti 1.

MAMA: Na mwanangu, kikomo chake ngapi?

DAKTARI: Mgonjwa hakuwekewa kikomo.

MAMA: Hakuwekewa?

DAKTARI: Hakuwekewa, kwa sababu picha hiyo hiyo inaweza kumuokoa, na hatutaki namba imnyime. Kikomo chake ni mimi. Kwanza niwe na sababu ya kuiomba picha. Pili nitake mionzi ya chini kabisa inayotosha kunijibu nilichouliza.

Mama alishtuka, na alikuwa na haki ya kushtuka. Mfanyakazi analindwa na namba iliyoandikwa. Mgonjwa analindwa na uamuzi wa mtu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inafanya kazi chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Inasajili mashine za mionzi na kuzikagua, lakini mkaguzi hayupo chumbani mtoto anapofungua mdomo. Aliyepo ni Mpigapicha na kidole chake kwenye kitufe. Kwa hiyo mazungumzo ya kupunguza mionzi ni mazungumzo juu ya mkono wa huyo mtu, vifaa alivyopewa, na swali aliloletewa na Daktari.

MAALIM: Tuweke namba mezani, mama, upate kupima mwenyewe. Binadamu duniani hupata wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka bila ya kwenda spitali: kutoka ardhini, hewani, kwenye chakula, na kutoka angani. Ukigawa, ni karibu maikrosiveti (sehemu ya elfu ya milisiveti) 6 au 7 kwa siku. Picha moja ndogo ya ndani ya mdomo, ikipigwa vizuri, ni kama maikrosiveti 2. Haifiki hata siku moja ya kuishi.

MPIGAPICHA: "Ikipigwa vizuri." Hapo ndipo penye kazi, Maalim, usipapite mbio. Mwaka 2008, mtafiti John Ludlow na wenzake walichapisha vipimo vyao katika jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani. Walichukua seti kamili ya picha 18 za mdomo mmoja. Zilipopigwa kwa filamu ya mwendo wa F, yaani ile inayotaka mionzi michache, au bamba la dijitali, na mdomo wa mashine, tundu inamotoka mionzi, ukiwa wa mstatili, jumla ilikuwa maikrosiveti 35. Zikipigwa kwa filamu ile ile lakini mdomo wa duara, 171. Zikipigwa kwa filamu ya zamani ya mwendo wa D na mdomo wa duara, 388. Seti ni ile ile na meno ni yale yale, lakini mgonjwa wa mwisho amepata mara 11 ya yule wa kwanza. Sasa mimi na wenzangu wengi tumekuta mdomo wa duara kwenye mashine. Hatukuuchagua. Nipeni sensa mpya ya dijitali inayokaa mahali pa filamu, nipeni mashine mpya, kisha ndiyo mnihukumu.

DAKTARI: Hapo sikubaliani nawe, bwana. Umetusomea namba, lakini hukuzitazama. Kutoka 171 kushuka hadi 35 hakukuletwa na sensa wala mashine mpya. Kumeletwa na umbo la tundu.

MAALIM: Daktari amesema kweli, na hesabu yake ni ya kidato cha kwanza. Duara la kipenyo cha sentimita 6 lina eneo la sentimita mraba 28. Filamu iliyomo mdomoni ni kama sentimita 3 kwa 4, yaani 12. Zaidi ya nusu ya mionzi inapita shavuni, ulimini na shingoni, wala haigusi filamu. Nyinyi wa Nungwi mnaijua karabai ya kuvulia dagaa usiku: mwanga unaoangukia nje ya wavu umechoma mafuta bure. Na si bure tu. Mionzi ile ya pembeni ikigonga nyama hutawanyika, nyingine hurudi kwenye filamu na kuitia ukungu. Ukiikata, mtoto anapata mionzi michache na Daktari anapata picha iliyo safi zaidi.

MPIGAPICHA: Ubaoni, Maalim, mambo ni mepesi. Ukishakuwa na mdomo mwembamba, ukikosea nusu sentimita umeikata picha: upande mmoja jino, upande wa pili peupe. Mtoto analia, anatikisa kichwa. Nitarudia. Nikirudia, ile faida yenu imekwenda na maji. Duara linanisamehe.

Hoja hii si ya uvivu. Kila aliyefanya kazi na mdomo wa mstatili amekutana na picha iliyokatwa. Kosa liko pale unapoletwa mstatili peke yake. Unatakiwa uletwe pamoja na kishikio: kijiti cha kung'atwa kinachoibeba filamu ndani ya mdomo, chenye pete nje inayoonyesha mdomo wa mashine ukae wapi. Mpigapicha akiulenga mdomo kwenye pete, filamu na boriti ya mionzi vinatazamana vyenyewe. Asiye na kishikio humwambia mgonjwa aishike filamu kwa kidole chake mwenyewe. Kidole kinaingia ndani ya mionzi, filamu inapinda, mzizi wa jino unatoka mrefu au mfupi kuliko ulivyo, na picha inarudiwa. Kishikio ni cha plastiki, kinaingia kwenye kichemshio cha kusafishia vifaa, na bei yake haifanani hata kwa mbali na bei ya sensa. Mtu aliyenunua mashine akaacha kununua kishikio ameacha nusu ya kazi dukani.

MAMA: Lakini hofu hii ya mionzi hatukuiota, Maalim. Imetoka wapi?

MAALIM: Imetoka kwa madaktari wa meno wenyewe. Röntgen aliigundua miale hii Novemba 1895. Januari 1896, Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Ujerumani, alijipiga picha ya meno yake mwenyewe. Alikaa mbele ya mionzi dakika 25. Leo picha hiyo inachukua sehemu ndogo ya sekunde. Kule New Orleans, Edmund Kells alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitumia eksirei kwa wagonjwa wa meno Marekani, na alikuwa akiipima mashine kwa mkono wake. Saratani ikaingia mkononi, wakamkata vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 akafariki baada ya mateso ya miaka. Lakini wakati huo huo Boston palikuwa na daktari mwingine wa meno, William Rollins. Kabla ya mwaka 1905 alikwishaandika kwamba boriti ibanwe iwe ndogo, ichujwe, na mashine ifunikwe isivujishe. Wengi hawakumsikiliza. Tunachobishania hapa kina zaidi ya miaka 100.

MAMA: Basi nipeni ile aproni nzito ya risasi, mumfunike mwanangu, tumalize.

MAALIM: Februari 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa ushauri kwamba aproni za risasi na ukosi wa shingoni si lazima tena katika eksirei za meno. Hoja yao ni kwamba boriti ikishabanwa vizuri, mionzi inayofika tumboni ni ndogo mno, na ile iliyotawanyika ndani ya mwili aproni haiwezi kuizuia.

MAMA: Marekani wana mashine zao. Na hii yenu ya duara?

Sikupata jawabu bora kuliko swali hili. Ushauri ule umesimama juu ya sharti: boriti iliyobanwa, vifaa vya kisasa, picha yenye sababu. Mwenye mdomo wa duara na filamu ya mwendo wa D hawezi kuchukua hitimisho akaliacha sharti. Tezi ya shingo ya mtoto iko karibu na taya, na tishu zake zinaathirika kwa mionzi kuliko za mtu mzima. Palipo na duara, ukosi wa shingoni ubaki, na mama akitaka aproni apewe. Katika picha ya taya zima, ambapo mashine humzunguka mgonjwa kichwa chote, ukosi huo huo hukaa njiani mwa boriti, ukaacha kivuli cheupe na picha ikarudiwa. Huko uondolewe. Nisichokikubali ni aproni kuwa pambo la kumtuliza mzazi huku kipima muda kimeachwa kwenye alama ya mtu mzima.

DAKTARI: Kipima muda ni jambo kubwa. Taya la mtoto wa miaka minane ni jembamba, mfupa wake haujawa mzito. Ukimpiga kwa muda wa baba yake umempa asichokihitaji.

MPIGAPICHA: Na nikipunguza, unarudi kwangu na picha mkononi unaniambia ina chenga, hukuona kitu. Semeni ukweli, daktari. Nyinyi mnapenda picha za kupendeza.

DAKTARI: Tunapenda, sikatai.

MAALIM: Chenga zina sheria yake. Picha inaundwa na chembe za miale zinazoifikia sensa. Zikiwa chache, hazitawanyiki sawasawa, ndiyo unaona chenga. Ukipunguza mionzi hadi robo, chenga zinakuwa mara mbili. Kwa hiyo chini kuna sakafu: ukiivuka, umempiga mtoto mionzi na hukuona jino, na hiyo ndiyo mionzi mibaya kuliko yote. Juu hakuna dari inayoonekana. Kwenye filamu ukizidisha, picha inakuwa nyeusi, unajua umekosea. Kwenye dijitali kompyuta inaisawazisha, unaletewa picha nzuri kabisa, na hakuna anayejua kwamba umetumia mara mbili au tatu ya kilichohitajika.

MPIGAPICHA: Kwa hiyo hata sensa niliyoiomba...

DAKTARI: Sensa itasaidia. Lakini ukiipata bila ya kupanga upya muda wa kila jino na kila umri, utaendelea kupiga kama ulivyozoea, picha zitang'aa, na sisi sote tutafurahi. Tena ni rahisi kurudia, huoni filamu inakwisha.

MAMA: Sasa picha ya mwanangu iwe nzuri kiasi gani?

DAKTARI: Kiasi cha swali langu, mama. Kwa mwanao nataka kujua mambo mawili: usaha umekula mfupa katikati ya mizizi ya hilo gego, na jino la ukubwani lililo chini yake liko salama? Vitu hivyo ni vikubwa. Chenga kidogo hazinizuii kuviona. Angekuwa mtu mzima ninayemsafisha mzizi, nataka kuona ncha ya sindano imesimama wapi kwenye mwisho wa mzizi, ningehitaji picha kali zaidi. Picha mbili, maswali mawili, mionzi tofauti. Na kama ufizi umeshavimba, jino linacheza na umri wake wa kung'oka umefika, pengine sihitaji picha kabisa.

Daktari alisema hapo jambo ambalo vitabu vingi hulizungusha. Ubora wa picha ya jino hupimwa kwa uamuzi unaotokana nayo. Picha iliyotosha kusema "ng'oa" au "ziba" ni picha bora, hata kama haifai kutundikwa ukutani. Kwa kipimo hicho, mashine ya picha za pande tatu, ambayo skani yake moja huweza kufika makumi au mamia ya maikrosiveti, haina kazi kwenye jino bovu la mtoto. Ina kazi yake kwa gego la mwisho lililolalia mshipa wa fahamu, kwa uvimbe wa taya, kwa kupanga jino la kupandikiza. Sikai hapo zaidi.

MPIGAPICHA: Mnazungumza kama vile kazi inaishia kwenye kitufe. Sisi wa filamu tuna chumba cha giza. Dawa ya kusafishia filamu imeandikwa nyuzi 20, dakika tano. Maji ya bomba ya Unguja yanafika nyuzi 20 lini? Dawa ikiwa ya moto, filamu inaiva haraka na kuingia ukungu. Ikichakaa, picha inatoka hafifu, na mtu anaongeza mionzi ili aipate. Kisha umeme: hapa tuna historia, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila ya umeme wa bara. Hata sasa, kwenye mashine za zamani, umeme ukishuka nguvu wakati unapiga, picha inatoka imefifia. Utarudia.

MAALIM: Kipimajoto cha maji unacho?

MPIGAPICHA: Wengi tunatazama kwa macho. Filamu ikiiva, tunaitoa.

DAKTARI: Hapo ndipo siri inapofichwa. Ukiitoa filamu kwa macho, hata ile iliyopigwa mionzi mingi mno unaiokoa kwa kuitoa mapema. Inaonekana sawa, wala hutajua kwamba muda wako wa kupiga ni mkubwa. Kipimajoto, saa, jedwali la nyuzi na dakika ukutani, na dawa kubadilishwa kwa tarehe. Filamu nazo zikae mahali pa baridi na pakavu, mbali na joto la stoo.

Kwa visiwa vyetu, sehemu hii naiona nzito kuliko zote. Miongozo mingi iliandikwa nchi ambazo maji ya bomba yanahitaji kupashwa moto, na sisi tunahitaji kuyapoza. Barafu ndani ya mfuko, ndani ya beseni linalozunguka tangi la dawa, ni kifaa cha kupunguza mionzi. Kidhibiti umeme nacho ni kifaa cha kupunguza mionzi. Havitajwi kwenye matangazo ya mashine, na mafundi wetu wachache wanaovitumia hawapongezwi na mtu.

MAMA: Mimi nina langu la mwisho. Dada yangu alianzia kiliniki moja, akapigwa picha. Akapelekwa pengine, wakasema picha ile haiko, akapigwa. Akavuka bahari kwenda Dar es Salaam, akapigwa tena. Jino moja. Huyo nani amempunguzia mionzi?

MPIGAPICHA: Angeipiga picha ile kwa simu.

DAKTARI: Kioo cha kompyuta kilichopigwa kwa simu kina mwako na kimepoteza kivuli kile chembamba ninachokitafuta. Mimi mwenyewe nikiletewa hiyo, huenda nikaomba nyingine. Apewe faili lenyewe, kama lilivyotoka kwenye mashine, lenye jina lake, tarehe na jino. Na kama ni filamu, apewe filamu ikiwa kwenye bahasha iliyoandikwa.

MPIGAPICHA: Kuna kiliniki hazitaki kutoa. Zinasema ni mali yao.

MAMA: Mionzi ilipita kwa dada yangu.

Hakuna aliyemjibu, nami simjibu kwa kuwa yuko sahihi. Mgonjwa wa Nungwi anaweza kupita kituo cha afya cha kijijini, spitali za Kivunge na Mnazi Mmoja, kiliniki binafsi ya Mjini na spitali ya Muhimbili kule Dar es Salaam kwa maradhi yale yale. Njia hiyo ndefu ndiyo inayozaa picha za kurudiwa. Picha ya tatu ya jino lile lile, hata ikipigwa kwa sensa bora na mdomo wa mstatili, ni mionzi isiyokuwa na sababu, na hakuna teknolojia inayoweza kuifanya iwe halali. Kuisafirisha picha ya kwanza ni rahisi kuliko kuipiga ya pili.

Nawaomba wenye kiliniki za meno wa Unguja na Pemba: kabla ya kuweka akiba ya mashine mpya, agizeni mdomo wa mstatili unaokaa kwenye mashine mliyonayo na vishikio vya kutosha kwa siku nzima ya wagonjwa. Bandikeni muda wa kupiga wa mtoto mbali na wa mtu mzima. Mpigapicha akirudia picha, aandike kwa nini, na mwisho wa mwezi mkae naye msome daftari pamoja bila ya kumkaripia, maana akikaripiwa ataacha kuandika. Wazazi nao wasiogope kuuliza daktari anatafuta nini kwenye picha anayoiomba. Daktari mwenye sababu atajibu kwa sentensi moja. Nawe msomaji, ukishapigwa eksirei ya jino, usipande daladala bila ya faili lako.